Bitana ya Tumbo

Niliporudi dukani na vifungo nilimkuta Sentimita, fundi mwenye duka, amelala juu ya marobota ya kitambaa, magoti ameyakunja, na dada yake anampiga pasi tumboni.

Nasema pasi, sisemi kwa mfano. Ilikuwa ile nzito ya kunyooshea kola, ameifunga blanketi mara mbili, anaipitisha polepole juu ya kitovu cha mdogo wake kama anavyopitisha juu ya mgongo wa koti.

"Mkunjo wowote ukipata joto na uzito unanyooka," akaniambia bila kugeuka. "Tumbo nalo lina nini cha ajabu?"

Tunamwita Shangazi, sote, kwa sababu binti wa Sentimita ndivyo anavyomwita, nasi tukafuata. Ana miaka sitini na minane. Kazi yake pale ni pasi, na mtu mwenye pasi huona dunia nzima imejikunja.

Mimi wananiita Mguu Njia. Jina nilipewa na Sentimita mwenyewe siku ya kwanza, aliponiuliza natoka wapi nikamtajia mahali patatu. Nimekuwa kuli, mpishi wa melini, mchonga mawe, mfagiaji wa wodi ya wanaume. Shule niliisoma vipandevipande, darasa huku, darasa kule, na katikati njaa. Pale dukani nilishona vifungo na kupinda pindo kwa mkono. Ulikuwa mwaka wangu wa pili, na kwangu mimi miaka miwili mahali pamoja ni sawa na kuota mizizi.

Mambo yalianza saa tatu asubuhi, mbele ya macho yangu. Tulikuwa na makoti ishirini na mawili ya walinzi, ya kukabidhi kesho kutwa. Sentimita alikuwa ameinama mezani anakata mkono wa koti la tisa. Akasimama ghafla. Akauweka chini ule mkasi wake mkubwa taratibu, kama unaweza kuvunjika, kisha akakaa sakafuni.

"Nimechomwa," akasema.

Sasa, kwenye duka la mafundi nguo mtu akisema amechomwa, watu hutafuta sindano. Binti yake aliruka kutoka kwenye cherehani na sumaku mkononi, akampapasa shati lote. Shangazi akakung'uta kiti. Mimi nilipiga magoti nikatazama sakafu. Tulitafuta sindano dakika tano nzima, na mzee wa watu amekaa pale, uso umekuwa kama majivu, jasho linamtoka puani.

"Si sindano," akasema mwishoni. "Ni huku ndani, juu ya kitovu. Kama kisu. Na bega linauma."

"Bega la kulia?" Shangazi akauliza.

"La kulia."

"Hilo ni la mkasi. Miaka thelathini na nane unakata, ulitaka likuimbie?"

Akampa vidonge vyake viwili vya maumivu, vile Sentimita anavyomeza kila siku kwa ajili ya mgongo, na chai ya rangi. Tukamlaza. Yeye mwenyewe akanituma vifungo, maana vilivyokuwepo vilikuwa na matundu mawili na walinzi walitaka vya matundu manne. Nikaenda. Hilo ni kosa langu, na sitalificha. Dukani kwa vifungo kulikuwa na foleni, nikarudi saa sita.

"Unaendeleaje?" nikamuuliza.

"Imepungua," Sentimita akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na furaha kidogo. "Nusu saa hii imepungua sana. Nipumzike kidogo tu, nishuke nimalizie ile mikono."

"Unaona?" Shangazi akasema. "Pasi."

Maneno hayo nilishayasikia.

Kule machimboni nilikuwa na rafiki tukimwita Baruti. Tumbo lilimshika siku tatu, chini upande wa kulia, hali, halali. Siku ya tatu jioni maumivu yakakatika. Akacheka. Tukamchemshia chai, tukamtania kwamba alikuwa anakwepa nyundo. Kesho yake tumbo likajaa kama ngoma, akawa anatapika maji ya kijani, ana homa, anaongea na mama yake ambaye hayupo. Tulimpakia kwenye gari la mawe. Hakufika. Daktari alituambia kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Ile jioni tuliyokunywa chai, ndiyo saa kilipopasuka. Jipu likipasuka mtu hupata nafuu, sivyo? Lakini hilo lilipasukia ndani.

"Shangazi, toa pasi," nikasema.

"Toa wewe maneno yako kwanza."

Nikapiga magoti. Niliweka kiganja tumboni kwa Sentimita, bila kubonyeza, kama alivyonifundisha muuguzi mmoja wa zamani nilipokuwa nafagia wodi. Tumbo la mtu aliyelala huwa laini, hupanda na kushuka na pumzi. Lile halikupanda. Lilikuwa gumu kama meza, na mzee alikuwa anapumulia kifuani juu, pumzi fupifupi.

"Ndugu yangu, kohoa kidogo," nikamwambia.

Akaniangalia kama nimemwambia aruke kutoka darini.

"Sikohoi."

"Kwa nini?"

"Sitaki."

"Basi geuka ulalie ubavu."

"Nimesema niko vizuri hivi hivi. Wewe mbona una maneno kama hakimu?"

"Mtu anayeumwa tumbo la kawaida hugaagaa. Wewe tangu nimeingia hujasogeza hata kidole cha mguu. Si kwamba umetulia, unaogopa kutikisika. Twende hospitali."

Neno hilo lilikuwa kama nimetia maji kwenye mafuta ya moto.

"Mimi sipasuliwi," Sentimita akasema. "Nimeshika mkasi maisha yangu yote, hakuna mtu atakayenishikia mkasi mimi. Na makoti je?"

Shangazi akasimama. "Unamtisha ndugu yangu. Wewe ni mtu wa kupita, Mguu Njia. Ukikosea utafunga kibunda chako uende zako. Sisi ndio tutabaki na mtu mwenye mshono tumboni."

"Nikikosea nitakaa, unitukane kila siku mpaka uchoke."

"Sichoki."

"Najua huchoki."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Binti wa Sentimita, mama wa watoto wawili, mtu asiye na maneno mengi, alikuwa ametoa mguu kwenye kanyagio. "Babu," akaniuliza, "una hakika?"

"Sina, mwanangu. Ningekuwa na hakika ningekuwa daktari. Nina woga tu. Lakini woga wangu umesomea."

Akamtazama baba yake. Akamtazama shangazi yake. Kisha akatembea hadi ukutani na kuchomoa waya wa pasi.

"Makoti nitashona mimi," akasema. "Baba atakwenda sasa hivi, atake asitake. Akipona anifukuze kazi."

Kusema ni rahisi. Tulipojaribu kumwinua akae, ile nafuu yake ikakimbia. Alitoa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, na akatapika ile chai. Teksi ilikuwa haiwezekani. Barabara yetu ina mashimo ambayo wenyewe tumeyapa majina, na hospitali iko mwendo wa dakika ishirini kwa mguu. Nikatazama huku na huku. Meza ya kukatia ni ubao mmoja mpana uliolazwa tu juu ya miguu miwili. Tukateremsha koti la tisa, tukateremsha ubao, tukamtelezesha juu yake magoti yakiwa yamekunjwa hivyo hivyo, tukatia robota chini ya miguu.

Wabebaji tulikuwa wanne: mimi na binti mbele, nyuma fundi viatu wa jirani pamoja na shemeji yake. Shangazi alitangulia na mwavuli kumkinga jua usoni. Alikuwa bado amekasirika, na alitembea kwa hasira, jambo lililotusaidia, maana watu walipisha.

Nilikuwa sijafikiria tunafananaje. Mtu amelala ubaoni, amefunikwa kitambaa cheusi cha walinzi, mbele mama mwenye mwavuli na uso umekunjamana. Mwanamume mmoja akavua kofia. Muuza nyanya akasimama na kuanza kulia kwa kuvuta pumzi, akitaka kujua nani.

Kidole kikainuka kutoka chini ya kitambaa. "Mwambieni bado," Sentimita akasema.

"Mzee, usiongee," fundi viatu akamjibu. "Unawaharibia msiba."

Nilimwona anataka kucheka, na nikaona kicheko kinavyomkata. Akafumba macho. "Usinichekeshe, mshona kandambili wewe," akanong'ona, "nitakuua."

"Tembeeni sawasawa," binti akasema. "Hatua moja. Kushoto. Kulia." Tukatembea hivyo njia nzima, kama askari, tukikwepa kila jiwe. Bega langu lilikuwa linawaka. Nina miaka sabini na moja. Niliona dakika ya kumi kwamba nitaanguka, nikaamua nitaanguka tukifika.

Mapokezi walituambia tukae kwenye benchi, tusubiri namba. Nilimwambia yule karani kwa adabu, "Mwanangu, huyu hawezi kukaa. Ndiyo ugonjwa wenyewe. Mwite mtu aguse tumbo lake mara moja tu, akisema tusubiri, tutasubiri mpaka mwaka kesho." Akaniangalia, akauangalia ubao, akainuka.

Alikuja daktari wa upasuaji, dada mdogo mfupi, koti lake limemzidi mikono, amelikunja mara tatu. Hata katika hali ile nilimwona Sentimita anautazama ule mkunjo kwa uchungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kakukatia hilo koti?"

"Serikali." Alikuwa ameshaweka mkono tumboni. Aligonga kidogo kwa kidole, hapa na pale, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa, na kila alipogonga uso wa Sentimita ulijikunja. "Maumivu yalianzaje, polepole au ghafla?"

"Ghafla. Saa tatu. Kisu."

"Unameza dawa gani?"

"Hamezi dawa," Shangazi akasema. "Ni vidonge vya mgongo tu."

"Vingapi?"

Tukatazamana. Binti ndiye aliyejibu. "Viwili asubuhi, viwili mchana. Siku ya kazi nyingi na jioni viwili."

"Baada ya kula?"

Sentimita ana desturi yake, na alituambukiza sote. Haonji chakula mpaka nguo ya kwanza ya siku imeshuka mezani. Tumbo tupu jicho kali, ndivyo anavyosema. Nguo ya kwanza nyingine hushuka saa nane mchana. Kwa hiyo kwa miaka kumi na zaidi vidonge vile vilikuwa vinashukia kwenye tumbo lisilo na kitu isipokuwa chai ya rangi, na sisi ndio tuliokuwa tunampelekea, kwa huruma, na glasi.

Nilimweleza daktari. Hakutukaripia. Alimpiga picha, akarudi nayo, akaiinua dirishani na kutuonyesha utepe mweusi chini ya mbavu. Hewa, akasema. Hewa imekaa mahali ambapo haina kazi.

"Una kidonda ndani ya tumbo la chakula, mzee, na leo asubuhi kimetoboka. Sasa sikiliza. Ndani ya tumbo lako kuna utando mwembamba. Umetanda kwenye kuta zote, na umeyafunika matumbo ili yateleze."

"Bitana," Sentimita akasema. "Kama ya ndani ya koti."

Daktari akafikiri. "Ndiyo, bitana. Ile asidi ya kusagia chakula imemwagikia kwenye bitana, na bitana imeungua, imevimba. Ndiyo maana tumbo limekaza, linajilinda. Na hewa na uchafu vikipanda juu kwenye kiwambo cha pumzi, mtu husikia maumivu begani."

Shangazi akatazama chini.

"Wengine huanzia kwenye kidole tumbo kikipasuka," daktari akaendelea, "wengine homa ya matumbo inatoboa utumbo, wengine kuchomwa kisu, wengine ini limeharibika na maji yaliyojaa tumboni yanaingiwa na vijidudu. Milango ni mingi, nyumba ni hiyo moja."

"Lakini ilipungua," Sentimita akasema. "Mimi nilisikia. Ilipungua."

"Ilipungua kwa sababu tumbo lilitoa maji mengi na kuizimua asidi. Nafuu hiyo ni ya uongo, huwa ni ya saa chache. Baada ya hapo vijidudu vinazaliana, homa inapanda, tumbo linajaa, sumu inaingia kwenye damu. Sasa hivi una homa, ilikuwa imeanza kabla hujafika. Nataka kukupasua sasa. Si kesho."

Akamwekea karatasi ya idhini kifuani. Sentimita hakuishika.

"Nani atashona?"

"Mimi."

"Wewe uliyekubali mikono hiyo ya koti?"

"Baba," binti akasema.

"Nyamaza, mwanangu. Tumbo ni langu." Alipumua mara mbili, fupi. Midomo ilikuwa imekauka, lakini macho yalikuwa ya yule fundi ninayemjua, anayekagua kazi ya mtu mwingine. "Niambie. Tundu unalishonaje? Kitambaa kilichoungua, pembeni hakishiki uzi. Ukivuta, kinachanika zaidi."

Daktari hakutabasamu. Alivuta kiti akakaa, ingawa nilimwona anavyoitazama saa. "Kweli, kinachanika. Kwa hiyo sivuti. Mbele ya utumbo kuna pazia la mafuta, linaning'inia. Nachukua pindo lake, naliweka juu ya tundu, nafunga nyuzi tatu kulishikilia."

"Kiraka."

"Kiraka."

"Unakikata?"

"Sikikati. Kikikatwa kinakufa. Nakileta kikiwa bado kimeshikana na kwao."

Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa ubao. Nilikuwa nimeshapanga, akikataa, nitakaa sakafuni pale pale na kuanza upya kutoka kwa Baruti.

"Na bitana?" Sentimita akauliza.

"Naiosha. Lita nyingi za maji ya chumvi, mpaka yatoke safi kama yalivyoingia."

"Halafu unafunga."

"Halafu nafunga."

"Mshono wa nje uwe mnyoofu," akasema. "Nipe kalamu."

Alipoingizwa ndani, Shangazi na mimi tulikaa kwenye benchi la korido. Binti alikuwa amekwenda kufunga duka. Shangazi alikuwa na mwavuli magotini, ameukunja vizuri kila ubavu.

"Mguu Njia."

"Naam, dada."

"Ile pasi. Ndiyo iliyomtoboa?"

Ningeweza kusema maneno matamu. "Hapana. Alikuwa ameshatoboka. Lakini ile pasi na vile vidonge viwili vya mwisho vilitupotezea muda wa saa tatu tukidhani anapona. Na mimi nilikuwa kwenye foleni ya vifungo. Tugawane."

"Kuanzia kesho hakuna mtu atakayeshika mkasi kabla hajala," akasema. "Hata yeye. Nitasimama mlangoni."

"Simama. Nitasimama upande wa pili."

Daktari alitoka saa kumi na moja, mikono ya koti imekunjuka yote. Kiraka kimekaa, akasema. Bitana ameiosha mara kumi. Lakini akainua kidole. Matumbo yaliyoungua huwa yanalala, hayasogei. Mpaka yaamke, mgonjwa hatapewa hata kijiko cha maji, atalishwa kwa dripu. Na tutajuaje yameamka? Akajikohoza. Atatoa upepo. Wa chini. Asipoutoa, tumbo likajaa tena, tutarudi chumba cha upasuaji.

Nimeeleza kwamba Shangazi ana miaka sitini na minane. Katika miaka yote hiyo neno hilo halijatamkwa mbele yake. Watoto waliotenda jambo hilo karibu naye walifukuzwa chumbani, na mchumba mmoja wa zamani, nasikia, aliondoka moja kwa moja kwa sababu hiyo. Siku ya kwanza aliinama sikioni kwa mdogo wake na kumuuliza kwa kunong'ona, "Umepata ile habari?" Sentimita akatikisa kichwa. Siku ya pili alimuuliza kwa sauti ya kawaida. Tumbo lilikuwa limejaa kidogo, na daktari alilipapasa mara mbili. Siku ya tatu aliuliza tangu mlangoni, kwa jina halisi la jambo lenyewe, wodi nzima ikasikia.

Binti alikuwa anakuja mchana, vidole vimetoboka kwa sindano. Makoti yangechelewa wiki moja. Mwenye walinzi alikubali. Walinzi waliendelea kuvaa ya zamani, na wezi hawakuona tofauti.

Siku ya nne tulikuwa tumemzunguka wote watatu. Daktari alikuwa ametuambia asubuhi kwamba atasubiri mpaka jioni, si zaidi. Sentimita alikuwa amekonda, bomba puani, hasemi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani nao walikuwa wameacha mazungumzo yao. Walikuwa wanangoja kama sisi. Shangazi alikuwa amemshika mkono, anamsimulia jinsi mama yao alivyokuwa akiwapanga mstari kabla ya kulala, na mimi nilikuwa natazama shuka lilivyopanda juu ya tumbo na kujiambia sitaondoka hapa, hata wanifukuze kwa fagio.

Ilisikika. Haikuwa ndogo. Mzee wa kitanda cha tatu alivua kofia.

Sentimita alifumba macho kwa aibu. "Nisamehe, dada," akasema.

"Usiniombe radhi," Shangazi akamwambia. "Rudia."